Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya watoto Zanzibar: mtoto anayeishi kwa jina la dada yake

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya ustawi na hifadhi ya mtoto, usajili wa wakaazi, elimu, bandari na tawala za mikoa,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Nakala: Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi; Masheha wa Unguja na Pemba.

YAH: WATOTO WALIOKIMBIA MAKWAO NA KUISHI KWA MAJINA YA WATU WENGINE

Assalaam alaykum,

Waheshimiwa, mimi ni fundi cherehani, mwanamke, mzaliwa wa Pemba, na kazi yangu naifanyia Ng'ambo hapa Unguja. Naandika hadharani kwa sababu faraghani nimeshasema, kwa kila niliyeelekezwa kwake, na jambo likaharibikia mikononi mwa wale wale niliowaomba walinusuru. Sitataja shehia, kituo wala afisa, kwani sitafuti mtu afukuzwe kazi. Jina la mtoto mwenyewe pia sitalitaja, la kweli wala lile alilokuwa akilitumia, wala kijiji chake. Bado anatafutwa na watu wasiomtakia kheri.

Mtoto huyu alivuka kuja mjini akiwa na miaka 15, mkononi ana Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi cha dada yake mkubwa. Kitambulisho kile hapewi mtu mpaka atimize miaka 18. Kwa hiyo tangu siku alipokishika, kila ofisi ilimhesabu mtu mzima. Akapata kazi za ndani kwa jirani yangu. Akitoka nje huvaa ninja, ile ya kufunika uso, hata akienda duka la pili tu, na wanawake wa mtaani wakawa wanamsifu kwa heshima yake.

Jioni alikuwa akija kwangu kujifunza kushona. La kwanza nililoliona lilikuwa dogo: nikimwita kwa jina lake hageuki. Namwita tena, ndipo anashtuka na kuitika, "Labeka bi mkubwa." Nikidhani labda hasikii vizuri. Kisha mwanangu, aliyekuwa Form Two, akakwama kwenye aljebra. Msichana akaacha cherehani, akakaa naye kitako, akamfahamisha mpaka ikamwingia. Wakafungua mada inayofuata, na hapo akanyamaza. Alisema ana miaka 21 na Form Four kamaliza zamani, lakini hesabu za Form Two alizijua mpaka ukurasa fulani wa kitabu, na baada ya ukurasa ule hajui kitu. Nikafahamu kuwa pale ndipo alipotolewa skuli.

Alinieleza mwenyewe, baadaye sana. Mtu wa ndani ya nyumba yao alimdhalilisha kijinsia. Alipomwambia mama yake, wakubwa wa ukoo wakakaa kikao, wakalimaliza. Na kulimaliza kwenyewe ni kwamba yule mtu aliomba radhi, na mtoto akatolewa skuli atafutiwe mume, asitirike. Dada yake ndiye aliyempa kitambulisho na nauli. Katika mkasa wote huu, mimi namwona dada yule ndiye pekee aliyemlinda mtoto, na hadi leo ndiye pekee anayeogopa kushitakiwa.

Malalamiko yangu, Waheshimiwa, ni haya.

1. Kila nilipobisha hodi walitaka kumrudisha kwao kabla hawajamsikiliza.

Nilianza kwa sheha, mkuu wa shehia yetu, kama ilivyo ada. Akaniambia, "Bi, huyu ana kitambulisho, mtu mzima, mimi nimuulize nini?" Nilipomwambia kitambulisho si chake, jibu likawa jingine: "Basi mshauri arudi kwao." Polisi niliulizwa mlalamikaji nani, na kama ni mtoto, wazazi wako wapi. Nikasema wazazi ndio walioizima kesi. Nikaambiwa waje hao hao wafungue. Ustawi wa jamii ndiko nilikopata wa kunisikiliza, afisa mmoja wa kike, kijana, mpole, akaandika kila neno. Nikatoka na moyo umetulia. Siku ile ile mkubwa wake akainua simu akampigia baba wa mtoto.

Simu ile ndiyo iliyoniandikisha barua hii. Mtoto hakuulizwa. Mimi sikuulizwa. Hakuna aliyejiuliza baba amekaa upande gani katika yale yaliyotokea, wakati lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyopo mezani kuwa yeye ndiye aliyeongoza kikao cha ukoo. Baba akapanda boti pamoja na ami zake mtoto. Walipofika kwa jirani yangu walikuta mkeka na kanga moja. Kule Pemba dada akapigwa.

Sasa hivi sijui mtoto yuko wapi. Najua yu hai kwa sababu alinipigia kwa namba ngeni. Nikamwita kwa jina lake la kweli, akaniambia nisilitaje tena, ana jina jingine sasa. Tulikuwa na mtoto mmoja aliyejificha, na mtu mmoja aliyejua alipo. Ofisi ilipomaliza kazi yake, kajificha zaidi, na anayejua alipo hayupo.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18 na maslahi yake ndiyo yanayotangulizwa. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto katika ibara ya 12 haki ya kusikilizwa kwenye jambo linalomhusu. Aliyepiga simu, naamini kabisa, alidhani anafanya wema. Kwetu familia ndiyo inayokimbiliwa kwa kila shida. Ndiyo maana hili haliwezi kuachiwa wema wa afisa, linataka kanuni iliyoandikwa.

2. Jina la kuazima linamziba mdomo.

Mwajiri asipomlipa, hana pa kudai. Akiumwa, daftari la hospitali linaandikwa jina la dada, umri wa dada, na maradhi yake yanaingia kwenye kumbukumbu za dada. Mungu amuepushe, akipata mimba akajifungua, mama wa kichanga kwenye karatasi atakuwa mama mkubwa wake. Siku dada mwenyewe akienda kujifungua ataulizwa yule wa kwanza yuko wapi.

Lakini zito zaidi ni hili. Mtoto huyu akidhalilishwa tena, huku mjini alikokuja kutafuta usalama, maelezo ya polisi yanaanza na jina kamili na umri. Akisema kweli, anajitia hatiani kwa kutumia kitambulisho kisicho chake. Akishikilia uongo, anasimama mahakamani kama mwanamke wa miaka 21, na mtuhumiwa hashitakiwi tena kwa kumharibu mtoto. Atasema walikubaliana, na karatasi itamuunga mkono. Serikali imeanzisha mahakama maalumu za makosa ya udhalilishaji mwaka 2021, na nilifurahi kama mzazi yeyote. Mtoto ninayemsema hawezi kufika kwenye mahakama hizo. Na wanaume wanaowinda wasichana wa kazi za ndani wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Wanajua nani hana kwao na nani hawezi kupiga kelele.

Ibara ya 8 ya Mkataba ule ule inasema mtoto aliyenyang'anywa utambulisho wake kinyume cha sheria asaidiwe na dola kuurejesha upesi. Nimeuliza ni ofisi gani hapa Zanzibar yenye kazi hiyo. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwengine.

3. Skuli haikuuliza.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1982 inakataza kumuoza mwanafunzi. Basi wanaotaka kuoza wanamtoa skuli kwanza. Kwenye daftari la mahudhurio aliandikwa amehama. Amehamia wapi? Skuli ipi ilimpokea? Hakuna karatasi ya uhamisho iliyotoka wala iliyoingia, na msichana aliyekuwa akisifiwa kwa hesabu akatoweka katikati ya muhula, mwalimu akapiga mstari kwenye jina lake, darasa likaendelea.

4. Bandarini.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi, na orodha ya abiria haikulingana na waliokuwemo. Kila familia ya Pemba inalijua hilo kwa majina ya watu wake. Miezi kumi baadaye, Julai 2012, ikazama na MV Skagit. Baada ya misiba ile tulielezwa kwamba abiria ataandikwa jina lake na kitambulisho chake kitaangaliwa. Mtoto wa miaka 15 alionesha picha ya dada yake, amefunika uso, akapita. Simlaumu karani wa tiketi, foleni anaijua yeye. Ninalosema ni kwamba boti ile ingepata ajali, mtu aliye hai angesomewa khitma na aliyekufa asingetafutwa na mtu.

5. Watoto wa kiume hatuwahesabu kabisa.

Mvulana wa miaka 13 akimkimbia baba anayempiga, au mwalimu wa chuo cha Kurani anayempiga, huenda dago, kambi ya wavuvi. Huko hatakiwi kitambulisho. Nahodha anampa lakabu, na lakabu inakuwa ndiyo jina. Mwengine anaishia fukwe za Nungwi au Paje, anajitambulisha kwa wageni kwa jina jipya kila msimu. Kwa kuwa analeta samaki au fedha, hatusemi amepotea, tunasema anajitafutia. Niliyoyasema hapo juu kuhusu simu na polisi yanamhusu na yeye neno kwa neno, isipokuwa kwamba kwa mvulana hata mimi sijawahi kusikia mtu aliyekwenda kubisha hodi.

6. Akishasikilizwa, hana pa kulala.

Vituo vya Mkono kwa Mkono ni kitu kizuri: daktari, polisi na mshauri wote pahala pamoja, mtoto halazimiki kusimulia mara tatu. Ila kituo kinafungwa, usiku unaingia, na aliyemdhalilisha anaishi nyumba moja naye. Nilipouliza atalala wapi, niliulizwa kama mimi nina nafasi. Ninayo. Kwangu ni vyumba viwili na ningempisha kimoja. Lakini ningekaa naye kwa hati gani? Baba yake angeweza kunishitaki kwa kumficha mtoto wa watu, na sheria ingeanza kwa kumuuliza yeye, si mtoto.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengi nimeshapewa.

Mtaambiwa kwamba mlango huu ukifunguliwa, kila mtoto aliyegombezwa atakimbia kwao. Anayesema hivyo hajaona mkeka uliotandikwa stoo baina ya magunia ya mchele, wala hajaamshwa saa kumi ya alfajiri kuchota maji nyumba ya watu asiowajua. Mtoto haachi mama yake, ndugu zake na skuli anayoipenda kwa sababu amesikia mjini kuna ofisi.

Mtaambiwa polisi ni jambo la Muungano. Sawa. Sheha si wa Muungano. Ustawi wa jamii, Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, skuli zetu na bandari ya Malindi viko chini yenu, na hayo ninayoyaomba, karibu yote, yanaishia hapo hapo.

Mtaambiwa hatuwezi kumjua kila mgeni anayeingia mtaani. Kwa sensa ya 2022 sisi Zanzibar nzima tulikuwa watu 1,889,773, na hakuna uchochoro usio na sheha, ambaye miongoni mwa kazi zake ni kuweka kumbukumbu za wakaazi na wanaohamia. Kumjua tunamjua. Kila mwanamke wa mtaa wetu alijua kuwa yule ni mtoto. Tulioneana muhali. Jirani yangu ni mtu mwema, anasali, anatoa sadaka, na hakuna aliyetaka kumkosea kwa kumuuliza msichana wake wa kazi ana umri gani.

Na mtaambiwa haya ni mambo ya mila na dini. Mimi nimesoma chuo cha Kurani, nimehitimu, na watoto wangu wote nimewapeleka. Tulifundishwa kwamba mtoto ni amana. Sikufundishwa pahala popote kwamba amana hurudishwa kwa aliyeihini ili watu wasiseme.

Ninachoomba, la kwanza na lililo mbele ya mengine yote, ni mwongozo wa maandishi, wenye muhuri, uliobandikwa kwenye kila kituo na kila ofisi ya wilaya: afisa yeyote anayepokea taarifa ya mtoto aliyekimbia kwao asiwasiliane na familia wala sheha wa kwao mpaka mtoto asikilizwe peke yake na afisa wa ustawi, na hatari ipimwe na kuandikwa. Atakayekiuka awajibishwe. Hili halihitaji jengo wala fedha za wafadhili. Linahitaji saini.

La pili, kwa kushirikiana na Mkurugenzi wa Mashitaka, itangazwe wazi kwamba mtoto anayesalimisha kitambulisho kisicho chake ili apate hifadhi hatashitakiwa kwa hilo, wala ndugu aliyempa kwa nia ya kumnusuru. Litangazwe redioni na misikitini, kwa Kiswahili chepesi, ili msichana aliyeko jikoni kwa watu alisikie.

Uwepo pia utaratibu wa siri wa kumrejeshea mtoto jina na tarehe yake ya kuzaliwa. Taarifa zake zimo kwenye madaftari ya usajili, zitafutwe huko na maafisa wenyewe kwa wenyewe, bila kumtaka alete barua ya sheha wa kijiji alichokikimbia. Katika kila wilaya, zote 11, zichaguliwe familia chache zilizochunguzwa, zenye hati ya kumpokea mtoto usiku huo huo. Nina hakika mtapata watu. Wako mafundi, wako walimu waliostaafu, wako wajane wenye vyumba vitupu.

Skuli isiruhusiwe kuandika "amehama" bila jina la skuli iliyompokea. Na namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ambayo anaweza kuipiga bila malipo, ibandikwe ndani ya maboti yote ya Unguja na Pemba, hasa kwenye vyoo vya wanawake, ambako mtu husoma akiwa peke yake. Abiria niliyemzungumzia alikaa ndani ya boti saa kadhaa na hakuona maandishi yoyote yanayomhusu yeye.

Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya kikao cha bajeti cha Baraza la Wawakilishi. Jina langu kamili na anwani yangu mnavyo, vimo kwenye barua niliyoipeleka kwa mkono. Nikiitwa nitakuja, na nitaeleza kila kitu ndani ya chumba kilichofungwa. Ila namba aliyonipigia sitaitoa, kwa afisa yeyote wa cheo chochote, mpaka niuone mwongozo wa ombi langu la kwanza umetiwa saini.

Wabillahi tawfiq.

Fundi cherehani,
Ng'ambo, Unguja.